Kocha Anajibu: Namba mbili ya Hasheem, namba kumi ya Maluach

Niliandika toleo lililopita kwamba Khaman Maluach amechaguliwa mahali panapomfaa, na tangu hapo ujumbe haujakoma. Kwa asiyemfahamu, kijana huyu ni senta, yaani mrefu wa chini ya goli, wa Sudan Kusini, amezaliwa Rumbek Septemba 2006, amekulia Kawempe, Kampala, akacheza mwaka mmoja Chuo Kikuu cha Duke, na usiku wa tarehe 25 Juni 2025 akachukuliwa wa kumi katika drafti ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, akaishia Phoenix Suns. Nikisema drafti sisemi ile ya vizibo vya soda barazani. Ni usiku ambao timu za NBA huchagua vijana wapya kwa zamu, na kwa kawaida zile zilizofanya vibaya ndizo hutangulia kwenye foleni. Leo safu nzima ni ya mjadala huo.

*Kocha, shikamoo. Kijiweni kwetu tumegawanyika. Mimi nasema Maluach ni Thabeet wa pili: mrefu, anazuia, kufunga hajui, basi. Wamarekani wakiona Mwafrika mrefu wanamchukua, baada ya miaka mitano anarudi. Wenzangu wanasema wewe unamtetea kwa sababu ni Mwafrika mwenzetu. Nijibu bila kuficha.*
Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

Marahaba. Nitakujibu bila kuficha, ila nitaanza na Hasheem Thabeet mwenyewe, maana umelitaja jina lake kama mtu anayetaja tusi, na hilo limeniuma.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Juni 2009 nilikuwa Kinondoni, sebuleni kwa mchezaji mwenzangu wa zamani aliyekuwa na dishi. Tulikuwa wanawake sita na watoto wawili waliokataa kulala. Saa nane usiku shughuli ikaanza New York. Clippers wakamchukua Blake Griffin, jambo lililokuwa likijulikana. Zamu ya Memphis Grizzlies ikafika, na jina lililosomwa likawa la mtoto wa Dar es Salaam, aliyeanza kucheza kikapu akiwa na miaka 15. Namba mbili. Mwenye nyumba alipiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi nililia, na sioni haya kulisema.

Baada yake walichukuliwa James Harden, namba tatu, Stephen Curry, namba saba, na DeMar DeRozan, namba tisa, wote nyota wa baadaye. Kejeli zote zimetoka hapo. Lakini Hasheem hakupewa nafasi ile kwa hisani. Msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut alipata wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 (mipira iliyokosa goli aliyoiokota) na bloku 4.2 (mitupo aliyoizuia) kwa mechi. Alikuwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009, na timu yake ikafika nusu fainali ya taifa.

Kasoro zilikuwapo, na aliyekuwa akitazama kwa macho ya ukocha aliziona. Februari 2009 walicheza na Pittsburgh, timu yenye DeJuan Blair, mtu wa mita mbili tu. Blair alifunga pointi 22 na kuokota ribaundi 23, na katika kugombea mpira mmoja alimpindua Hasheem juu ya bega lake kama gunia la mkaa. Wengi waliona kituko. Mimi niliona magoti. Senta wa mita 2.21 akisimama miguu imenyooka, uzito wake wote unakaa juu, na mfupi mwenye mapaja mazito akiingiza nyonga chini yake anamhamisha anavyotaka. Dawa yake ni kujengwa mapaja na kiuno, na kazi hiyo ni ya miaka.

Halafu kuna kanuni ambayo kijiweni huwa haitajwi. Vyuoni Marekani mlinzi anaweza kusimama chini ya goli muda wote atakao. NBA, kama humkabi mtu kwa karibu, ukikaa eneo lile zaidi ya sekunde tatu mwamuzi anapuliza: wenzako wanapewa mtupo huru mmoja na mpira unabaki kwao. Kijana aliyefundishwa miaka mitatu kulinda mlango anaambiwa toka mlangoni, mfuate mtu wako mpaka nje, kisha uwahi kurudi. Kwa miguu ile ile.

Na Memphis ilikuwa na nani? Marc Gasol alikuwa tayari yupo katikati, na kiangazi kile kile wakamleta Zach Randolph. Hasheem akabaki na dakika 13 kwa mechi. Msimu haujaisha, Februari 2010, akapelekwa Dakota Wizards kwenye ligi ya chini, na hadi siku hiyo hakuna mchezaji wa namba ya juu kiasi kile aliyewahi kushushwa huko.

Sasa nakuomba uweke takwimu mbili mezani. Msimu wa kwanza wa Hasheem: dakika 13, pointi 3.1, ribaundi 3.6, bloku 1.3. Msimu wa kwanza wa Rudy Gobert, senta pia, akiwa Utah Jazz, 2013–14: dakika 9.6, pointi 2.3, ribaundi 3.4, bloku 0.9. Gobert naye alishushwa ligi ya chini. Ukizisoma bila majina, utasema wa kwanza ndiye mwenye matumaini. Lakini Gobert amekuwa mlinzi bora wa NBA mara nne.

Sisemi Hasheem angekuwa Gobert. Mikono ya Gobert na nyonga zake zilikubali mafunzo haraka zaidi, na huo ni ukweli. Ninachosema ni kwamba Gobert alichukuliwa namba 27. Hakuna aliyeamka asubuhi Utah akimuuliza kocha kwa nini kijana wa namba 27 hafungi. Alikosea kimya kimya, na Februari 2015 klabu ikamuuza senta mwenzake, Enes Kanter, ili njia iwe wazi kwake. Hasheem alikosea mchana kweupe, kila kosa likipimwa kwa Harden na Curry, na Februari 2011, kabla ya kumaliza hata misimu miwili, Memphis wakamtoa kwenda Houston.

Namba ya drafti ni bei, ndugu yangu wa Tabata. Mwenye kulipa bei kubwa hataki kusubiri. Kwa senta aliyeanza kucheza akiwa na umri mkubwa, kusubiriwa ndiyo chakula chenyewe. Ndiyo sababu nilifurahi Maluach hakwenda namba tatu au nne kama wengine walivyotabiri majira ya baridi. Kumi si ndogo, lakini si nira ile. Na tofauti kubwa kuliko zote ni umri: Hasheem aliingia NBA akiwa na miaka 22, Maluach alikuwa na 18 usiku ule. Miaka minne kwa mwili wa senta ni mingi mno.

Wenzako wanaosema namtetea kwa sababu ni Mwafrika, waambie nina sababu nyingine. Mwaka 2011 nilikuwa na kijana wa miaka 16 kwenye mazoezi yangu, sentimita 198, mpole. Tangu Hasheem achaguliwe, kila mtoto mrefu Dar es Salaam aliitwa Thabeet, na yeye hawakumwita jina lingine. Mwanzoni lilikuwa jina la heshima. Mambo ya Memphis yalipoharibika likageuka. Akidondosha pasi, jukwaani wanapiga kelele "Thabeet!" na kucheka. Nilimweka chini ya goli kila mechi kwa sababu nilitaka kushinda, wakati alihitaji kwanza miezi sita ya kurusha mpira wa tenisi ukutani na kuudaka kwa mkono mmoja. Niliijua kazi hiyo, na sikumpa. Siku moja hakuja, wala ya pili. Nilikwenda kwao Mburahati, mama yake akaniambia amepata kazi ya kupakia mizigo. Nikiandika kuhusu Maluach, huyo ndiye ninayemwona.

*Bi Kocha, asalaam aleikum. Mimi hutazama hesabu. Pointi 8.6 na ribaundi 6.6 kwa mechi pale Duke ni za mtu wa benchi. Na kwenye nusu fainali ya vyuo dhidi ya Chuo Kikuu cha Houston hakuokota ribaundi hata moja. Vipi mtu kama huyo awe wa kumi?*
Msomaji, Kisauni, Mombasa

Waaleikum salaam. Hesabu zako ni sahihi, na hiyo ya Houston ndiyo inayonisumbua hata mimi. Duke walifungwa 70 kwa 67 mjini San Antonio, mechi waliyokuwa wameishika, na senta mwenye urefu ule akatoka na sifuri. Nimeirudia mara mbili. Mpira ukipigwa, macho yake yanapanda nao hewani. Watu wa Houston hawakuutazama mpira kwanza. Walitafuta mwili wa kuubana, mgongo na nyonga, ndipo wakatazama juu. Ni tabia ya kufundishwa, na inafundishika, lakini asipoifunza mapema kuna wanaume wa miaka 30 kule NBA watakaomfanyia hivyo hivyo usiku baada ya usiku.

Ila zisome hesabu pamoja na dakika. Mechi ya chuo ni dakika 40, yeye alicheza 21 hivi. Mpira ulikuwa mikononi mwa Cooper Flagg, aliyechukuliwa namba moja na Dallas, na Kon Knueppel, namba nne kwa Charlotte. Kazi ya Maluach ilikuwa kupiga skrini (kumzibia mlinzi njia kwa mwili ili mwenzake apite), kukimbilia goli na kudunki anachorushiwa. Alifunga asilimia 71 ya mitupo yake. Wasiompenda husema dunki tupu. Sawa, lakini jiulize ni vijana wangapi wa miaka 18 wanaokubali kufanya kile tu wanachokiweza msimu mzima bila kununa.

Hesabu ninayoithamini kuliko zote ni ya mitupo huru: asilimia 76.6. Mtupo huru haukabwi na mtu. Uko wewe, mpira, na umbali usiobadilika, kwa hiyo unaonyesha mkono ulivyo kweli. Mkono wa senta mrefu una mfupa mrefu, kiwiko kikichepuka kidogo tu mpira unakwenda kwingine. Anayeweka mitatu kati ya minne katika umri ule ana mkono unaofundishika. Mitupo ya mbali, ya pointi tatu, alijaribu 16, akapata nne, na hapo nawaomba mashabiki wake watulie, msiniletee habari za senta mpiga mbali bado.

Na mwili. Kwenye upimaji wa Chicago mwezi Mei alipimwa bila viatu akapatikana na sentimita 215. Mikono akiitandaza inapita sentimita 230. Akisimama tu na kuinua mkono, bila kuruka, anafika 290. Pete ya goli iko 305. Haruki, na bado zimebaki sentimita 15. Timu kumi zikipita mbele ya mtu wa namna hiyo bila kusimama, ningeshangaa zaidi.

*Kwa nini alivaa kofia ya Houston wakati yuko Phoenix?*
Msomaji, Morogoro

Kwa sababu zamu ile ya kumi ilikuwa mali ya Houston Rockets usiku huo, na anayechaguliwa huvaa kofia ya timu yenye zamu. Walikuwa wamekubaliana na Phoenix Suns siku chache kabla: Kevin Durant aende Houston, na Phoenix wapate Jalen Green, Dillon Brooks, zamu hiyo ya kumi na nyingine za raundi ya pili. Makaratasi yakakamilika Julai. Kijana akavaa kofia ya timu ambayo hataichezea, na alibubujikwa machozi chini yake.

Hapo hapo nitaje hofu yangu, maana hamkuniuliza. Usiku ule ule Phoenix walimleta Mark Williams kutoka Charlotte, senta mwingine aliyepitia Duke. Mtu akisoma haraka atasema ni Gasol na Hasheem tena. Mimi naona inategemea wanavyomtumia huyo mkubwa. Akiwa mwalimu wa mazoezini, na Maluach akipewa dakika zake, hata zikiwa kwenye ligi ya chini, ni neema. Kijana akikaa kwenye benchi na tracksuti miezi mitano, ni hasara. Msiliite kushushwa akipelekwa huko. Bora dakika 30 mbele ya viti vitupu kuliko dakika tatu kwenye ukumbi uliojaa.

*Mwalimu, mimi ni Mkenya nafanya kazi Kampala. Hapa wanasema Maluach ni wetu, kwa Wasudan Kusini ni wao, na Senegal nao wanadai ndio waliomtengeneza. Nani amemlea? Na huogopi asiwe kama Thon Maker, mrefu mwingine wa Sudan Kusini aliyeingia NBA asidumu?*
Msomaji, Kawempe

Wote, na ndiyo tofauti nyingine kati yake na Hasheem.

Kampala ndipo alipoambiwa na watu wasiomjua, njiani tu, kwamba urefu ule ucheze kikapu. Mazoezi yake ya kwanza alifanya amevaa Crocs, kwa sababu hakukuwa na kiatu cha michezo cha kumtosha. Kutoka hapo akachukuliwa na akademia ya NBA iliyoko Saly, Senegal. Na katika ligi ya klabu za Afrika, BAL, amezichezea klabu za nchi tatu: Cobra Sport ya Sudan Kusini mwaka 2022, AS Douanes ya Senegal 2023, City Oilers ya hapo hapo Kampala 2024. Akiwa na miaka 16 alikuwa kwenye Kombe la Dunia la kikapu. Akiwa na 17 alikuwa kwenye Olimpiki ya Paris, na kabla yake, kwenye mechi ya kirafiki London, Sudan Kusini ilibanana na Marekani mpaka ikafungwa kwa pointi moja, 101 kwa 100.

Tazama hilo vizuri. Kabla hajaingia darasa la chuo chochote, kijana alikuwa ameshasukumwa na wanaume wazima kwa miaka mitatu. Hasheem hakuwa na ngazi hiyo. Wakati wake ilikuwa uondoke Dar, upite kwenye shule za watu, ukabahatishe Marekani. BAL ilianza 2021. Shirikisho la kikapu la Sudan Kusini linaongozwa na Luol Deng, aliyecheza NBA mwenyewe na kupita Duke vile vile, kwa hiyo kijana alipopokea ushauri aliupokea kwa mtu aliyetoka kwao na aliyeiona njia yote.

Kuhusu Thon Maker uliyemtaja mwishoni mwa barua yako: kweli, alizaliwa Wau, akapita Uganda akiwa mdogo kabla ya Australia, na mwaka 2016 Milwaukee walimchukua namba kumi hiyo hiyo. Naelewa inavyotisha. Lakini Maker alikuwa mwembamba na alipenda kucheza mbali na goli. Maluach ana karibu kilo 115 na hana aibu ya kukaa chini ya goli. Kulingana kwao ni namba na njia tu.

*Habari za kazi, kocha. Mwanangu ana miaka 15 na urefu wake ni sentimita 193, bado anakua. Kuna mtu amekuja nyumbani anasema atampeleka nje akacheze kikapu, ila tutoe kwanza shilingi milioni tatu za makaratasi. Baba yake anataka kuuza kiwanja. Niambie, thamani ya mtoto wangu ni ipi?*
Mama, Mwanza

Njema, mama. Nakuandikia wewe kwa haraka kuliko wengine, na nimekutumia jibu hili pia kwa simu ili lisichelewe: kiwanja kisiuzwe.

Akademia inayomtaka mtoto kwa kipaji chake humgharimia yenyewe, masomo, chakula na tiketi. Anayeanza kwa kudai pesa kwa mzazi anauza safari, na mtoto akikwama huko atakwama peke yake. Mwambie mtu huyo alete barua yenye jina la shule, jina la kocha wa huko na simu yake, kisha mnipe nipige mimi. Akikasirika, mmeshapata jibu.

Thamani yake siijui, na hakuna anayeweza kuijua akiwa na miaka 15. Naweza kukuambia cha kutazama. Akirushiwa mpira bila kutarajia anaudaka, au unamgonga kifuani? Akichuchumaa, visigino vinabaki chini? Magoti yanamuuma usiku? Kama yanamuuma, apumzike kuruka, maana mfupa unakua haraka kuliko mishipa inavyoweza kuufuata. Shuleni anafanyaje? Maana vyuo vya Marekani husoma matokeo ya darasani kabla ya kusaini chochote. Na anaupenda mchezo, au anaupenda kwa sababu kila mtu anamwambia aupende?

Hapo Mwanza kuna makocha ninaowaamini, nitakuunganisha na mmoja. Asimchezeshe mechi mwezi wa kwanza. Ampe mpira wa tenisi na ukuta, kamba ya kuruka kwa kiasi, na achuchumae kila siku mpaka magoti yazoee kupinda. Ahudhurie siku tatu kwa wiki, na asikose shule.

Baba yake mwambie namsalimu, na kwamba nimeelewa kwa nini anataka kuuza. Kisha nitumie ujumbe mmoja tu wiki hii: mtoto anavaa kiatu namba ngapi. Namba kubwa ndizo ngumu kupatikana, nataka nianze kutafuta sasa.